Nani Ashike Maiki?

Dada na kaka wa mashirika mnaotusoma hapa, leo kuna sehemu inawahusu, msiiruke.

Wiki mbili hizi kikundi chetu kimegombana kweli kweli. Siyo juu ya pesa, maana pesa haipo. Siyo juu ya nani awe mwenyekiti. Tumegombana juu ya sauti. Tarehe 20 Juni ni Siku ya Wakimbizi Duniani, na mwaka huu tumepewa saa nzima ya kuendesha mchezo wa maswali, timu kwa timu, kubonyeza kengele, kama ule wa kwenye tivi. Maswali tumeshaandika. Kengele tumetengenezewa na fundi mmoja wa Kalerwe, zinalia kama boda inayokataa kuwaka, lakini zinalia. Kilichobaki ni kimoja tu: nani ashike maiki.

Nusu yetu walisema tumchukue kaka mmoja wa Bwaise anayetangaza kwenye arusi. Ana sauti nzito, akisema "halo, halo" unaisikia kifuani. Hiyo ndiyo sauti ya tivi, walisema. Nusu nyingine wakasema sauti nzito siyo hoja, yule kaka ataua mchezo. Maneno yakawa mengi. Watu wakajibizana hadi saa sita usiku kwa ujumbe wa sauti, na kila mtu akajitahidi kuwa na sauti nzito, jameni. Mwishowe tukafanya jambo la akili: tukachanga pesa ya bando, tukakaa jioni tatu kwenye chumba cha mwenzetu huko Kazo, tukaangalia michezo ya maswali ya nchi mbalimbali kwenye simu moja iliyoegemezwa kwenye jagi la maji. Kila tukimaliza mmoja tuliulizana: sauti hii inafaa mchezo huu, au imewekwa tu kwa sababu ni nzuri?

Tulianza na ule wa Millionaire. Ulizaliwa Uingereza mwaka 1998, Chris Tarrant akiuendesha, halafu nchi nyingi zikaununua. Uganda nayo ikapata wake, na mwendeshaji alikuwa Alan Kasujja, mtu aliyetokea redioni, ambaye mwaka 2012 alikwenda BBC kwenye kipindi cha Newsday. Wale waliofika Kampala zamani wanamkumbuka.

Mwangalie mtu aliyekaa kwenye kile kiti. Yuko peke yake. Taa zinafifia, muziki unatambaa chini chini kama mtu anayekufuata gizani, na maswali yakipanda muziki nao unapanda. Sasa hapo mtangazaji akipiga kelele anaharibu. Kazi ya kutisha imeshafanywa na taa na muziki. Yeye kazi yake ni kuuliza polepole kama una hakika, kisha anyamaze. Kule kunyamaza ndiko kunakomtoa mtu jasho. Kwa hiyo sauti tulivu ya Kasujja inafaa pale, na upande wa kaka wa Bwaise wakaandika alama yao ya kwanza, ingawa sisi wengine tulisema utulivu na uzito ni vitu viwili.

Halafu ikaja zamu ya kwetu. Sisi tuliotoka Bukavu, Goma, Uvira na Bujumbura tulikua na sauti nyingine kabisa jioni, kama umeme upo: Julien Lepers kwenye Questions pour un champion, ndani ya TV5. Kipindi kile kilianza Ufaransa mwaka 1988 na yeye alikaa nacho hadi 2016. Baba zetu walijibu kabla ya washindani, halafu wakatutazama kuona kama tumesikia.

Sauti ya Lepers siyo nzito hata kidogo. Ni nyembamba kidogo, ina haraka, inapanda na kushuka, jibu likiwa sahihi anasema ndiyo mara nne mfululizo kana kwamba yeye ndiye aliyeshinda. Ukimsikia mahali pengine utasema huyu mzee ana nini. Lakini tazama mchezo wenyewe. Ile sehemu ya mwisho, watu wawili uso kwa uso, swali linaanza na maneno magumu, linakuwa rahisi kadiri anavyosoma, na pointi zinashuka: nne, tatu, mbili, moja. Maana yake sauti ya msomaji ndiyo saa. Akisoma polepole hakuna mchezo. Akimeza neno moja, mtu ameonewa. Lepers alisoma haraka sana na hakumeza neno. Mpe Kasujja mchezo ule, watu watalala. Mpe Lepers kiti cha Millionaire, mshindani atazimia.

Hapo ndipo ubishi wetu wa mwanzo ulipoanza kuchakaa. Hakuna "sauti ya tivi". Ipo sauti ya mchezo huu na sauti ya mchezo ule.

Kuhusu génie en herbe tutasema kidogo, maana wengi wenu mliicheza shuleni. Asili yake ni Kanada, Radio-Canada, mwaka 1972, lakini ilifika hadi shule zetu za Kivu, na kwetu msomaji wa maswali alikuwa mwalimu yule yule aliyetufukuza kwa kukosa ada. Alisoma kwa sauti ya mtihani. Tulijibu tukiwa tumekunja mabega. Mwenzetu mmoja anasema mpaka leo akiulizwa mji mkuu wa nchi yoyote anahisi fimbo.

Sauti ya mwalimu lakini siyo lazima iwe hivyo. Kuanzia mwaka 2007 kulikuwa na shindano la vyuo vikuu vya Afrika, kwanza likiitwa Celtel Africa Challenge, baadaye Zain Africa Challenge, na muuliza maswali alikuwa John Sibi-Okumu wa Kenya, yule yule aliyeigiza kwenye sinema ya The Constant Gardener. Tuliona vipande vyake. Anaongea kama mwalimu, tena mwalimu mkali wa matamshi, kila herufi imepigwa pasi. Lakini mwanafunzi akikosea, sauti yake haibadiliki. Anatoa jibu sahihi na kuendelea, kama mtu anayekusogezea kiti. Tulipenda. Kwa shindano la vyuo inafaa sana. Kwa watoto wetu wa miaka kumi na miwili, tuna mashaka, wengine wangehisi wako ofisini.

Jioni ya pili ilikuwa ya India, na hapo tulikaa sana.

Mwaka 2000 Wahindi walipoanza Millionaire yao, Kaun Banega Crorepati, walimpa Amitabh Bachchan. Sinema zake sote tumeziona. Ana sauti nzito kuliko kaka wa Bwaise, na wale wa upande wake walishangilia, eti mnaona. Tukawaambia subirini. Kwanza, Bachchan huyo huyo alipokuwa kijana alijaribu kazi ya utangazaji kwenye redio ya taifa, All India Radio, wakamkataa. Sauti ile! Watu wenye kazi ya kuchagua sauti waliisikia wakasema haifai. Tunataka hili likae vizuri kichwani kwa kila kijana hapa ambaye ameshaambiwa kwamba lafudhi yake haifai redio.

Pili, mwaka 2007 walimpumzisha wakampa Shah Rukh Khan msimu mmoja. Shah Rukh ni Shah Rukh, dada zetu msitupige. Anacheka, anatania, anakumbatia. Lakini sauti yake ni ya mtu anayetaka umpende yeye, na kwenye kiti kile anayetakiwa kupendwa ni mshindani. Mwaka 2010 Bachchan akarudi, na aliendelea kukaa pale miaka mingi.

Tukajiuliza kwa nini yeye. Uzito upo, sawa, lakini sikilizeni anavyomwita mtu. Anakuja mkulima ambaye hajawahi kupanda ndege, anaitwa kwa heshima. Anakuja injinia, anaitwa kwa heshima ile ile. Kihindi chake ni safi, cha mtu mzima, na hakibadiliki kwa sababu mshindani anaongea cha kijijini. Hata kompyuta inayotoa maswali anaiita "Computer ji", na hiyo "ji" ni neno la heshima, kama sisi tuseme Mzee Kompyuta. Mtu ambaye anaheshimu kompyuta hawezi kumdharau mama wa kijijini. Mshindani anakaa kwenye kiti akitetemeka, baada ya dakika mbili anasimulia habari za ng'ombe wake.

Jioni ya tatu ilikuwa ya Marekani, na tulidhani itakuwa ya kucheka tu.

Kule, kumbe, kazi zimegawanywa. Yupo mwendeshaji, yule mnayemwona anauliza maswali. Na yupo msemaji, ambaye mara nyingi haonekani, anafungua kipindi, anataja washindani, anasifu zawadi. Kwenye Jeopardy! msemaji ni Johnny Gilbert tangu mwaka 1984, na Julai 2024 alitimiza miaka 100. Soma tena, miaka mia. Sikilizeni anavyotaja washindani watatu mwanzoni: mwalimu wa mji ambao hata Wamarekani hawaujui, anatajwa kama anaingia waziri. Sekunde chache, halafu anapotea.

Na kwenye The Price Is Right alikuwepo Johnny Olson, kuanzia 1972 hadi alipofariki 1985. Mchezo wenyewe ni wa sokoni, kukisia bei ya friji, bei ya sabuni. Washindani hawajakaa jukwaani, wamekaa na umati. Olson anaita jina, kwa sauti ya mwenye duka anayemwona mteja wake wa siku zote, na anamwambia ashuke aje. Yule aliyeitwa anapiga kelele, anaruka, anakumbatia asiyemjua, anakimbia mbele na machozi.

Tuliangalia vile vipande mara tatu. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya tatu chumba kilikuwa kimya.

Maana sisi pia tumeitwa majina katikati ya umati, tena mara nyingi. Kwenye foleni ya kadi, ya mahojiano, ya dawa, ya unga. Mtu anasimama mlangoni na karatasi, anasoma. Ukiitwa moyo unaruka, lakini siyo ule mruko wa Wamarekani. Unajipapasa kama karatasi zote unazo. Usipoitwa unarudi nyumbani na nauli imekwisha. Na ukiitwa vibaya, ukashindwa kujitambua kwenye jina lako mwenyewe, wanasoma linalofuata. Mama wa mwenzetu mmoja alikaa kwenye benchi la ofisi moja hapa mjini kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa mchana. Jina lake linaanza na C ya Kishi, ambayo inasomwa "ch". Msomaji aliisoma "s", akaita mara mbili, akaweka alama kwamba hayupo. Mama alikuwa ameketi hatua nne kutoka mlangoni. Alipewa tarehe nyingine, miezi miwili mbele.

Kwa hiyo tukiongea juu ya sauti ya mchezo wa maswali, msidhani tunaongea juu ya mchezo peke yake.

Turudi kwenye mchezo. Mwaka jana, kwenye shughuli kama hii hii, waandaaji walikodi MC. Sauti anayo, hatukatai, sauti ya tamasha. Alipiga kelele za kuamsha umati, Kiingereza na Luganda, spika zikapasuka, watu wakafurahi. Halafu maswali yakaanza na yeye akaendelea vile vile, kila swali kama bao la Cranes. Zamu ikafika ya mdogo wetu mmoja, miaka kumi na minne, wa Uvira. Akaulizwa ziwa gani lina kina kirefu kuliko yote Afrika. Uvira, jamani. Ni Tanganyika, mtoto amezaliwa anaiona kutoka mlangoni kwao, ameogelea humo, amekula mikeke ya humo. Alibonyeza kengele wa kwanza. MC hakusoma jina lake, labda lilimshinda, akasema, "Ehe, wewe Kongo, lete!" na umati ukacheka. Mtoto akaondoa kidole kwenye kengele, akatazama chini. Muda ukaisha. Timu nyingine ikajibu Victoria, ikakosea, MC akafanya utani, tukaendelea.

Jibu alituambia njiani tukirudi, kabla hatujavuka Northern Bypass. Alilisema taratibu, kama mtu anayekiri kosa.

Yule MC hatumchukii. Sauti yake ilifaa sherehe, na yeye aliletwa kama wa sherehe. Kosa ni kudhani kwamba sauti ya kuamsha umati ndiyo hiyo hiyo ya kumuuliza mtoto swali.

Kuna mtu ataniambia, samahani, atatuambia: nyinyi mnaleta mifano ya Ufaransa na India, kwani Kawempe hakuna sauti? Zipo. Chuo chetu cha sauti ni kibanda cha video. Wafanyakazi wa mashirika ambao hamjawahi kuingia, ni chumba cha mabati, mabenchi, giza, joto, na juu ya sinema ya Kichina au ya Marekani kuna sauti ya VJ anayesimulia kwa Luganda. VJ Jingo, VJ Junior, majina haya watoto wa hapa wanayajua kuliko ya mawaziri. Tanzania walikuwa na Lufufu akisimulia kwa Kiswahili, Kenya wana DJ Afro. Na upande wa pili wa mji, Wakaliga, kwenye sinema za Nabwana kama ile ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, VJ Emmie anaongea juu ya sinema ya Uganda yenyewe, mpaka Wazungu wakaipenda sauti yake sawa na mapigano.

Sauti za ma-VJ, ukizipima peke yake, nyingine zinakwaruza, nyingine zinakimbia mno. Zinafaa kwa sababu VJ amekaa benchi moja na wewe. Anaona unachokiona, anashtuka unaposhtuka, anakueleza kwamba huyu mwenye koti jeusi siyo mtu mzuri. Nusu ya Luganda yetu tumeitoa pale. Neno mukwano sisi tulilisikia kwanza likimtoka Van Damme.

Tulifikiri basi tatizo limekwisha, tutafute mtu wa mtindo wa VJ. Lakini mwenzetu mmoja mkimya, ambaye huongea mara moja kwa mwezi, akasema: VJ anawacheka watu wa kwenye sinema, na wao hawamsikii. Washindani wetu watasikia. Tukakosa jibu.

Basi tulimchagua nani? Tulimchagua dada mmoja wa kikundi, ana miaka 19, anauza rolex na mama yake karibu na stendi. Sauti yake ni nyembamba, ina mkwaruzo kidogo, moshi wa mkaa labda. Na hapa lazima tukiri kitu ambacho hatukupanga kukiandika. Mazoezi ya kwanza alishika maiki akasema, kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "Batu bote banyamaze, ule anajua jibu ainue mukono yulu." Sisi wenyewe tukacheka. Sisi tuliokasirika kwa ajili ya yule mdogo wa Uvira, tukacheka vile vile, hasa sisi tuliopitia shule za Kenya na kambi ambako Kiswahili ni cha "watu wote wanyamaze". Dada akaweka maiki juu ya meza, akavaa ndala zake akaondoka. Ilibidi watu wawili wamfuate hadi Kazo Corner kumwomba msamaha, na walikuta tayari anakanda unga.

Alirudi siku ya tatu, na alirudi na daftari. Hakuongea habari za kucheka kwetu. Alianza kupita kwa kila mshindani wa timu zote akiuliza swali moja: "Ku nyumba banakuitaka namna gani?" Nyumbani wanakuitaje? Halafu anaandika jinsi alivyosikia, siyo jinsi lilivyo kwenye kadi. Kwenye daftari lile kuna jina la Kishi lenye C, ameandika "ch". Kuna kijana wa Kisomali ambaye nyumbani kwao wanaandika Cabdi, na C hiyo masikioni mwetu inasikika kama haipo, ameandika "Abdi" na kuweka alama ndogo mbele ya kukumbuka kwamba koo linabana. Kuna binti wa Sudani Kusini mwenye majina matatu na alitaka yote matatu, ameandikiwa yote matatu.

Akaanza kuita. Sauti ile ile nyembamba. Tulitazama mabega ya watoto, maana tulishajua cha kutazama. Yule mdogo wa Uvira yumo tena mwaka huu. Alipoitwa alisimama kabla jina halijaisha.

Sasa hoja za upande wa pili, maana zipo na zina nguvu. Mfanyakazi mmoja wa shirika, dada tunayemheshimu, ametuambia kwamba wageni wa siku ile hawasikii Kiswahili, na Kiswahili chenyewe cha Bukavu hata Waganda wachache wanaojua Kiswahili kitawapiga chenga. Ni kweli. Kiswahili hapa Kampala bado wengine wanakisikia kama lugha ya askari na ya mwizi, tunajua tunaishi wapi. Na wenzetu wa Kisomali na wa Sudani Kusini siyo wote wanaokielewa. Hatutaki mchezo wa Wakongomani tu.

Jibu tumeliiba Marekani. Tunagawanya kazi. Kaka wa Bwaise, na sauti yake yote, atakuwa msemaji: atafungua, atawakaribisha wageni kwa Kiingereza na Luganda, atasifu zawadi. Zawadi ni mabegi ya shule na madaftari, lakini tumemwambia ayasifu kama ni gari. Tulimwita kwenye mazoezi tukiogopa atakasirika. Alisikiliza, akasema dada anaongea chini mno, halafu yeye mwenyewe akapiga magoti akarekebisha spika. Maswali atauliza dada, na majina ataita dada, yote. Kila swali litarudiwa kwa Kiingereza na mwenzetu aliyekaa pembeni, bila mbwembwe, kabla kengele hazijafunguliwa. Itachelewesha mchezo. Lepers angetushangaa. Lakini mchezo wetu siyo wa kasi, tumeamua hivyo, na pointi hazishuki.

Wapo kati yetu ambao bado hawakubali. Wanasema wageni wataona tumeweka mtu asiyejua kazi, na wageni wakiona hivyo mwaka kesho saa yetu itachukuliwa. Hofu hiyo siyo ya kijinga. Tulipiga kura, wakashindwa kwa kura tatu, na wamekubali kubeba viti.

Sasa ile sehemu yenu, dada na kaka wa mashirika. Msituletee MC wa kukodi kama zawadi ya kushtukiza, tafadhali. Mkiwa na pesa hiyo, mlipeni dada nauli na siku ya kazi, maana tarehe 20 mama yake atakuwa peke yake kwenye kikaango. Maiki iwe yake peke yake, isiwe ile inayonyang'anywa kila mgeni akitaka kusema maneno mawili. Orodha ya washindani wa timu mlizoziandikisha nyinyi bado hatujaipata, na yeye anahitaji kukaa na kila mtoto, siyo na karatasi tu. Tunaiomba kufikia Jumatano.

Na kama kati yenu yupo anayesimama mlangoni asubuhi kuita majina, yeyote yule, ofisi yoyote, mazoezi yetu ni Jumamosi saa nane mchana, chumba kile kile cha Kazo, ulizeni wenye kengele mbaya. Daftari litakuwepo. Dada amesema nusu saa inatosha, na rolex atakuja nazo.